PANYA KATIKA MABANDA YA KUKU NA NJIWA: TUANZE NA CHAKULA, SUMU IWE YA MWISHO



Mwanachama wa Chilangala anayefuga kuku, kanga au njiwa nyuma ya nyumba yake anazo sababu zinazoeleweka. Fedha za korosho huja kwa msimu, lakini daftari la mtoto, nauli ya kwenda Newala na gharama za matibabu huhitajika mwezi wowote. Kuku ndiye akiba ya miezi hiyo mingine. Kwa hiyo panya aibaye mayai na vifaranga anaipunguza akiba ya kaya, wala si jambo la kupuuzwa. Makala haya yanaeleza sababu za panya kuja bandani, hasara aletayo na njia za kumzuia.

Aina mbili za panya

Aina ya kwanza ni panya wa nyumbani. Mkia wake ni mrefu kuliko mwili, naye ni hodari wa kupanda. Hukaa darini, katika makuti na kwenye mirundo ya kuni. Aina ya pili ni panya shamba, akaaye mashimoni. Jike lake huweza kuwa na chuchu hata 24, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mimba ya panya hawa huchukua majuma matatu hivi. Mwaka wa mvua nzuri panya shamba huongezeka sana. Na mazao yakishavunwa, shamba likabaki tupu, wengi husogea karibu na makazi ya watu. Ndiyo maana miezi baada ya mavuno ndiyo ya kujihadhari zaidi.

Panya hafuati kuku, hufuata chakula

Wafugaji wengi hudhani panya huja kwa ajili ya vifaranga. Kwa kweli huvutwa kwanza na pumba, mtama na makombo yaliyomwagika chini ya banda. Akishazoea njia, ndipo hugundua mayai na vifaranga. Panya wa nyumbani hula gramu 15 hivi za nafaka kwa siku. Panya ishirini, ambao mtu aweza asiwaone hata mmoja mchana, watakula gramu 300 kila usiku, yaani kilo 9 kwa mwezi. Tena wanayoyachafua kwa mkojo na kinyesi ni zaidi ya wanayokula. Juu ya hayo, nyoka huwafuata panya, na akiingia bandani hula mayai pia.

Mara nyingi mwewe na kicheche husingiziwa kosa la panya. Mfugaji na atazame dalili: kinyesi kidogo chenye ncha, mashimo kando ya ukuta, mbao zilizotafunwa, na alama nyeusi za mafuta mahali panya wapitapo kila siku. Vifaranga wakipotea usiku hali mlango umefungwa, mwewe hana kosa.

Hatari kwa afya ya watu

Mwezi Julai 2022 Serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda katika Wilaya ya Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi. Wagonjwa 20 walikuwa wamegunduliwa, na watatu kati yao walifariki. Dalili zilikuwa homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vilivyomo katika mkojo wa wanyama walioambukizwa, wakiwamo panya. Huingia mwilini kwa kupitia michubuko, macho, pua au mdomo, na huishi muda mrefu katika maji na udongo wenye unyevu.

Sisi wa Uwanda wa Makonde tuna sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Maji ni adha ya miaka mingi hapa juu, na kaya nyingi hukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyahifadhi kisimani. Panya akitembea juu ya bati, mkojo wake huishia kisimani. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati kabla ya kuelekezwa kisimani, kisima kifunikwe, maji ya kunywa yachemshwe. Mtu akipata homa baada ya kusafisha banda au kushika panya, aende zahanati mapema na kueleza kazi aliyoifanya, kwa kuwa ugonjwa huu hutibika.

Hatua za kuchukua

1. Kuondoa chakula cha usiku. Kuku walishwe asubuhi na alasiri kiasi wanachoweza kumaliza. Kabla ya jua kuchwa, vyombo viondolewe na mabaki yafagiliwe. Pumba, mtama na makopa vihifadhiwe katika pipa au debe lenye kifuniko, si katika gunia lililolazwa chini. Mayai yaokotwe kila siku.

2. Kuondoa maficho. Nyasi zifyekwe kuzunguka banda, na kuni, matofali na magunia yaliyochakaa viwekwe mbali. Panya haoni raha kuvuka mahali peupe.

3. Kuimarisha banda. Banda la kichanja lililoinuliwa mita moja kutoka ardhini ni bora. Kila nguzo ivishwe kofia ya bati iliyopanuka chini kama faneli, ili panya akipanda agonge na kurudi. Njia hii yafaa pia kwa nguzo za vizimba vya njiwa. Matawi ya mti yasiguse paa, na ngazi ya kuku iondolewe usiku. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku asitoke, lakini panya hupita. Utumike wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita moja. Banda likiwa chini, wavu ufukiwe sentimita 30 au zaidi.

4. Kutega. Panya hutembea akiambaa ukuta. Mtego uwekwe hapo, ndani ya kisanduku chenye tundu, ili kuku wasinaswe miguu. Karanga iliyokaangwa au kipande cha samaki mkavu ni chambo kizuri. Mitego ikaguliwe kila asubuhi. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu, na azikwe kwenye shimo la kina.

5. Kuwahifadhi wasaidizi. Paka anajulikana. Bundi naye hula panya kila usiku, lakini wengi humwua kwa kumhofia kuwa ni mkosi. Amwuaye bundi huwapunguzia panya adui.

6. Sumu iwe ya mwisho. Sumu kali kama fosfaidi ya zinki ina kasoro: panya aliyeonja kidogo akaugua bila kufa hukikataa chambo hicho. Sumu zizuiazo damu kuganda huua polepole, lakini paka au bundi akila panya huyo aweza kudhurika naye. Atakayelazimika kutumia sumu anunue iliyosajiliwa, apate ushauri wa bwana shamba, na aiweke ndani ya kisanduku kisichofikiwa na kuku wala mtoto. Dawa za mikorosho zisitumiwe kamwe kwa kazi hii.

Katika mikoa yetu ya kusini panya wa shamba ni kitoweo, na watoto huwachimba na kuwatega. Kwa hiyo mahali popote palipowekwa sumu, kaya zote jirani ziarifiwe kwanza, na panya yeyote wa eneo hilo asiliwe. Kunyamaza katika jambo hili kwaweza kuua mtoto wa jirani.

Kazi ya ushirika

Mwanachama akisafisha banda lake peke yake, panya wa jirani watahamia mahali palipoachwa wazi baada ya muda mfupi. Kijiji kizima kikifyeka, kikiziba na kutega katika juma moja, nguvu ya panya huvunjika. Tena bati na wavu, ambavyo ni ghali kwa mtu mmoja, huwa nafuu vikinunuliwa kwa pamoja.

Makatibu wa vyama vya msingi wanaombwa kuliingiza jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, kuandikisha wafugaji wanaohitaji wavu, na kupanga juma la kazi mara baada ya mavuno. Ghala la chama lisisahauliwe: magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na sakafu ifagiliwe kila jioni. Chama kikianza na ghala lake, wanachama watakuwa na mfano wa kufuata.