Faili Zinazokosekana Katika Programu za Python: Maelezo kwa Wachunguzi wa Lugha

Wachunguzi wengi wa lugha siku hizi hutumia programu za Python kuhesabu maneno, kuchambua sentensi na kupanga kamusi. Aghalabu programu hizo huletwa na pip, yaani kisimamizi cha vifurushi, ambacho huchukua kifurushi kutoka ghala la intaneti liitwalo PyPI na kukipanga mahali pake katika kompyuta. Hutokea mara nyingi kwamba kazi hiyo humalizika salama, lakini programu ianzapo kutumika hudai faili isiyokuwapo. Makusudi ya makala haya ni kueleza sababu za upungufu huo, na jinsi uwezavyo kuharibu uchunguzi pasipo mtu kujua.

Yapasa kufahamu kwanza ya kwamba pip ni mchukuzi tu. Aliyefunga mzigo ni mtunzi wa programu. Kifurushi cha namna iitwayo wheel ni faili moja ya zip, na ndani yake mna daftari liitwalo RECORD, lenye jina la kila faili, ukubwa wake na alama ya kuithibitisha. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Lakini hapa daftari lipo, na mali hupotea vile vile, kwa kuwa RECORD huandikwa kutokana na vitu vilivyofungwa. Kilichosahauliwa nyumbani hakimo mzigoni wala daftarini, na viwili hivyo huafikiana. Amri ya pip check nayo haifichui kosa hilo, maana huangalia kama vifurushi vinavyotegemeana vipo na vinapatana, wala haihesabu faili.

Tuseme mwanachuoni ametunga programu ya kutambua ngeli za majina, na kando yake ameweka orodha ya maneno katika faili ya ngeli.csv. Chombo cha kufungia kiitwacho setuptools huchukua faili za Python zenyewe. Faili za namna nyingine sharti zitajwe, ama katika package_data, ama katika MANIFEST.in. Asipozitaja, orodha hubaki kwake. Yeye mwenyewe haoni kasoro, kwani huiendesha programu katika folda yake, ambamo orodha imo. Mwenziwe aliye mbali ndiye apatwaye na kosa.

Akiambiwa waziwazi kwamba faili haipo, ana heri. Hatari kubwa ni programu iliyoandikwa iendelee na orodha tupu pindi faili ikosekanapo. Hiyo haitoi onyo lolote. Hutoa hesabu, na hesabu hizo si za kweli. Matokeo ya namna hii yaweza kupigwa chapa na kutegemewa na wengine.

Pengine, hata hivyo, faili hutengwa kwa makusudi. NLTK, iliyoanzishwa na Steven Bird na Edward Loper katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2001, huletwa na pip bila makusanyo yake ya matini. Hayo huombwa baadaye kwa amri ya nltk.download. Mwaka 2024 data ya kukatia sentensi iitwayo punkt ilibadilishwa na punkt_tab kwa ajili ya usalama, na maelekezo ya zamani yakawa hayatoshi. Vivyo hivyo, katika Debian, faili ya Python.h hupatikana kwa kusakinisha kifurushi cha python3-dev, mbali na Python yenyewe.

Basi dawa ni mbili. Mtumiaji na aorodheshe faili alizopokea kwa amri ya pip show -f, kisha asome maelezo ya mtunzi apate kujua kama iliyokosekana ilisahauliwa au ilitengwa. Mtunzi naye, kabla ya kutoa kazi yake, aifungue wheel na kuitazama, kisha aisakinishe katika mazingira mapya, nje ya folda yake, na kuijaribu huko. Tena aiandike programu yake ikatae kufanya kazi bila orodha. Kwetu sisi tunaoshughulika na lugha, orodha ya maneno ndiyo kazi yenyewe. Programu ifikayo bila orodha hiyo ni jalada la kamusi lisilo na kurasa.