Kiatu Chenye Sahihi ya Bwana Taylor

Je, mmepata kuona zile raba za turubai zinazopanda mpaka juu ya kifundo cha mguu, zenye duara ubavuni na nyota katikati? Tazameni vizuri penye nyota hiyo: mtaona sahihi ya mtu, Chuck Taylor. Huyo ni nani, hata jina lake livaliwe na watu wa dunia nzima?

Mchezo wa mpira wa kikapu ulianzishwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith, katika mji wa Springfield, Marekani. Alitundika juu vikapu viwili vya matunda, akawaambia vijana wake watupie mpira humo. Mchezo ukaenea upesi. Lakini mchezaji wa mpira huu hukimbia, husimama ghafula na kuruka juu. Akivaa kiatu kinachoteleza, ataanguka.

Basi kiwanda cha Converse, kilichoanzishwa mwaka 1908 mjini Malden kutengeneza viatu vya mpira, kikatoa mwaka 1917 kiatu cha mchezo huo. Juu ni turubai, chini ni soli ya mpira inayoshika sakafu. Kiliitwa All Star.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kijana mmoja wa jimbo la Indiana alipata kazi ya kukiuza. Ndiye Chuck Taylor, mchezaji wa kikapu mwenyewe. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini Bwana Taylor alikitembeza chema! Miaka mingi alizunguka na motakaa yake mji kwa mji, shule kwa shule. Akifika, hakuanza kwa kusifu bidhaa. Aliwakusanya vijana, akawafundisha kupasiana na kulenga kikapu. Viatu vilifuata baadaye. Watu walimwamini, kwa kuwa alijua anachokisema. Katika miaka ya 1930 kiwanda kikatia sahihi yake katika ile alama ya nyota.

Je, alitajirika kwa sahihi hiyo? La! Alilipwa mshahara na gharama za safari, lakini kwa kila jozi iliyouzwa hakupata fungu lake. Siku hizi mchezaji mashuhuri akikopesha kiatu jina lake hulipwa mali nyingi sana. Bwana Taylor alifariki mwaka 1969, na mwaka huohuo jina lake likatiwa katika orodha ya heshima ya mchezo wa kikapu.

Kisha vikaja viatu vya ngozi, vyenye soli nene zaidi, na wachezaji wakubwa wakaiacha turubai. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Kumbe sivyo! Vijana wa mitaani, wapiga magitaa, wanafunzi na hata wazazi wao waliendelea kuivaa. Sababu yake si ya ajabu. Umbo lake ni jepesi na halikubadilika sana. Lafaa mwanamume na mwanamke, mdogo na mkubwa. Bei yake haikuwa ya matajiri tu.

Lakini kupendwa kwa kiatu hakukuwaokoa waliokishona. Mwaka 2001 kampuni ililemewa na madeni, viwanda vyake vya Marekani vikafungwa, na kazi ikahamishiwa Asia. Mafundi waliokaa miaka mingi penye cherehani wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 2003 kampuni ya Nike iliinunua Converse kwa zaidi ya dola milioni 300.

Basi, wazazi, mtoto akiwaomba raba zenye nyota, msimkemee kwanza. Mwelezeni habari za mwalimu yule aliyeuza viatu kwa kufundisha, na za mafundi wale wasiotiwa sahihi popote, ingawa kila jozi ilipita mikononi mwao.