DIRA YA MRADI WA DATA: ANDIKA SENTENSI MOJA INAYOELEWEKA



Siku hizi kijiweni stori ni moja tu: "tutengeneze programu ya data." Safi sana. Ukiuliza itafanya nini, unajibiwa "itaboresha maisha ya wananchi kwa teknolojia." Jamani, hayo ni maneno ya jukwaani!

Dira ya chombo ziwani inakuonyesha uelekeo. Ya mradi nayo iseme mambo matatu: nani atatumia, data gani, aamue nini.

Cheki majirani zetu Kenya. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi. Kazi yake ilijieleza: aliyeona tukio atume taarifa kwa SMS au intaneti, lionekane kwenye ramani. Kazi ikieleweka hivyo hata wageni wanaichukua. Januari 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko.

Sasa tuje nyumbani. Chukua bei ya dagaa pale Kibirizi. Wavuvi wanavua usiku kwa taa, mbalamwezi ikikolea wanapumzika, dagaa wanaadimika, bei inapanda. Tukikusanya bei za kila siku, zimsaidie nani? Mama anayeanika dagaa anataka kujua auze leo au asubiri. Mlanguzi anataka kujua nani anauza rahisi akambane. Data ni ile ile, maslahi yanagongana! Usipoandika dira mapema, atafaidi mwenye pesa, na mama aliyekupa bei zake ataambulia patupu.

Mimi ningeandika hivi: "Kila asubuhi mama anayeanika dagaa Kibirizi apate kwa SMS bei ya jana ya Kigoma na ya Dar, aamue mwenyewe kuuza au kusubiri."

Ipime sasa:

1. Mtumiaji katajwa? Ndiyo, mama.
2. Data ipi? Bei ya jana, sehemu mbili.
3. Uamuzi gani? Kuuza au kusubiri.
4. Inakataa nini? Mlanguzi akija na noti anataka namba za simu za akina mama, dira imeshamjibu: hapana.

Halafu kamsomee mama mwenyewe. Akikuuliza "una maana gani mwanangu?", rudi ukaandike upya.

Naomba kutoa hoja. Wewe yako inasemaje? Tupia hapo chini.