Mbizi Ipi Ihesabiwe? Funzo kwa Shajara ya Mwalimu

Kila mwalimu-mwanafunzi arejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha huleta chuoni shajara iliyojaa tarehe, mada na sahihi. Ni vipindi vingapi kati ya hivyo vilivyostahili kuhesabiwa? Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kutazama kwanza fani ambayo kosa la kuhesabu huweza kugharimu uhai, nayo ni kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, kama inavyofundishwa huko Unguja na Mafia.

Anayejifunza mbizi hutunza daftari la kina, muda na hewa aliyotumia. Shirika la PADI, lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, limeweka mpaka ulio wazi. Mbizi ya mafunzo huhesabiwa iwapo sehemu kubwa ya muda wake imepita katika kina cha mita 5 au zaidi, na mwanafunzi ama ametumia hewa lita 1,400, ama amekaa chini ya maji kwa dakika 20 angalau. Kozi ya mwanzo hudai mbizi 4 za namna hiyo. Mazoezi ya bwawani hayamo katika hesabu hiyo.

Mpaka huu una maana. Katika kina cha mita 10 kanieneo huwa maradufu ya ile ya juu ya maji, na hewa ya mtungi huisha upesi zaidi. Aliyesimama penye maji ya kiunoni hajaonja hali hiyo. Akiingiwa na hofu huinua kichwa tu.

Hata hivyo, mpaka hupima tukio, haupimi umahiri. Mwanafunzi huweza kutimiza dakika 20 kwa kumfuata mkufunzi tu. Kwa hiyo mkufunzi huuliza swali la pili: je, ameweza kutoa maji yaliyoingia katika miwani yake? Asipoweza, zoezi hilo hurudiwa, hata kama mbizi yenyewe imekwisha kuhesabiwa.

Aidha, atakaye cheti cha PADI cha kuongoza wapiga mbizi hudaiwa mbizi 60. Aliyezipiga zote katika ghuba moja tulivu, na aliyekutana na mikondo, giza na maji machafu, wana hesabu moja lakini hawana ujuzi mmoja. Asomaye idadi peke yake hukabidhi maisha ya watu kwa tarakimu.

Sisi wakufunzi hatuna budi kukiri kosa letu. Tumewahi kutia sahihi kipindi ambacho mwalimu alinakili kitabu ubaoni, watoto wakanakili kimya, kengele ikalia. Kilihesabiwa. Hasara ya sahihi ile haikutufika sisi. Iliwafika watoto aliokabidhiwa baadaye.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

1. Kipindi kihesabiwe iwapo mwalimu-mwanafunzi ameongoza mwenyewe sehemu kubwa ya muda, na watoto wamesema, wametenda au wameandika jambo lililotoka katika fikira zao.

2. Shajara itenge mambo mawili: kilichofundishwa, na kilichoeleweka. La pili lithibitishwe kwa majibu ya watoto, mathalani watatu wenye uwezo tofauti.

3. Kipindi kilichoharibika kiandikwe pamoja na sababu yake. Mpiga mbizi aliyelazimika kupanda mapema hufaidika na maandishi hayo siku ya pili. Mwalimu naye vivyo hivyo.

4. Vipindi vifanyike katika hali mbalimbali: madarasa ya chini na ya juu, watoto wachache na wengi, vifaa vya kutosha na vifaa haba.

Kabla ya mazoezi yajayo, chukua shajara yako uvisome vipindi 5 vya mwisho kwa kipimo hiki. Huenda hesabu ikapungua. Isikuvunje moyo, mwonyeshe mkufunzi wako vile vilivyopungua, muanzie hapo.