Nani Aijuaye Sura ya Sakawa?

Ndugu msomaji, ukizunguka Kisii na Nyamira ukilitaja jina la Sakawa, hutakosa mzee wa kukuketisha na kukupa habari zake. Atakueleza kwamba huyo alikuwa nabii wa Abagusii, kwamba alitabiri kuja kwa watu weupe kabla hawajaonekana, na kwamba alisimama Getembe, pale ulipo mji wa Kisii, akaonyesha mahali ambapo majengo ya wageni yangesimama. Sasa muulize mzee huyo: Sakawa alikuwa na uso wa namna gani?

Hapo ndipo pagumu. Sakawa yakadiriwa alifariki mnamo 1902. Waingereza walifungua kituo chao Getembe mwaka wa 1907, nao mapadre wa Kikatoliki wakafika Nyabururu mwaka wa 1911. Kamera zilipopanda milima ile, mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda zake. Mafundi wa Tabaka, ambao hulichonga jiwe la sabuni likawa kiboko au mama na mwanawe, wakitaka kumchonga nabii huyu itawabidi wamtoe vichwani mwao.

Hata hivyo jina pekee lilitosha kuitia serikali wasiwasi. Dini ya Mumbo, iliyoanzia Alego mwaka wa 1913, ilipoingia Gusii iliwakuta watu waliomngoja Sakawa arudi awaondoe Wazungu. Katika miaka ya 1920 baadhi ya viongozi wake walipelekwa uhamishoni pwani. Siku zile, lau angetokea mlaghai akajiita Sakawa, wazee waliokula naye wangemtazama usoni na kusema, “Siye.” Wazee hao hawapo tena.

Usidhani taabu hii ni yetu peke yetu. Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni huko Marekani, aliuawa na kundi la watu katika gereza la Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, akiwa na miaka 38. Alikuwa amechorwa akiwa hai, na alipokufa, George Cannon aliufunika uso wake kwa plasta akapata kinyago. Aidha, ufundi wa kupiga picha ulikuwa umekwisha tangazwa Ufaransa tangu 1839. Basi mwaka wa 2022 ikatangazwa kwamba picha yake imepatikana, imo ndani ya kidani kidogo kilichotunzwa na wajukuu wa wajukuu zake. Watafiti waliilinganisha na kinyago, wakasadiki. Wengine walitikisa vichwa, wakisema hafanani na yule aliyechorwa. Wote hao walikuwa wakibishana juu ya uso ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona.

Na kwenu je? Pengine chini ya sanduku la nyanya mna picha ya mzee mwenye koti na fimbo, nanyi vijana mwaipita tu. Mwombe nyanya akutajie jina, ukoo na mahali, uandike nyuma kwa penseli, taratibu usiitoboe.

Sakawa hana hata kinyago cha kupimia. Akija mtu kesho na picha kutoka hifadhi fulani ya Ulaya, akaapa kwamba ndiye, muulize kwanza ilipigwa mwaka gani.