Atomi ya Kushika Mahali

Kaeni vizuri, fungueni madaftari, na kila mtu atwae penseli yake. Leo twasoma juu ya atomi isiyo atomi.

Tuanzie penye bomba la maji. Mama amefika alfajiri, mara akakumbuka mtoto aliyemwacha nyumbani. Akaweka jiwe katika foleni, akaenda zake. Jiwe lile lashika mahali pake. Mtu akija kuhesabu watu, jiwe halihesabu. Akilihesabu, hesabu yake imeharibika.

Sasa twende sokoni Kariakoo, penye karafuu zilizovuka bahari kutoka Unguja na Pemba. Harufu ile kali yatoka hasa katika kitu kiitwacho eujenoli. Chembe yake moja, yaani molekuli, ina atomi 24: kaboni 10, hidrojeni 12 na oksijeni 2. Kaboni sita kati ya hizo zimeshikana mviringo kama pete. Katikati ya pete ni patupu.

Molekuli ni ndogo mno, jicho haliioni. Kwa hiyo wataalamu huichora kwa kompyuta, kila atomi ikawa tufe lenye rangi yake. Desturi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1865, mjini London, August Wilhelm Hofmann aliunganisha mipira ya mchezo wa kroketi kwa vijiti: kaboni nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu. Programu za leo bado zafuata rangi hizo, ila kaboni mara nyingi huwa ya kijivu.

Mtaalamu akitaka kupima umbali kutoka katikati ya pete, atapimia wapi, nako hakuna kitu? Huweka alama pale patupu. Hiyo ndiyo atomi ya kushika mahali, nayo ni sawa na jiwe letu la bombani. Katika programu iitwayo Jmol huandikwa Xx, namba yake ni sifuri, na usipoibadili huonekana kwa rangi ya waridi iliyokolea.

Waweza kuibadili upendavyo. Iambie programu ichague zenye alama Xx tu, kisha zipe rangi, ukubwa na jina. Mimi hupenda tufe dogo sana, linalopenya mwanga kama kioo, na neno “katikati” kando yake. Usiipe rangi nyekundu hata siku moja! Atakayeitazama ataona oksijeni ya tatu, naye atadhani karafuu imekuwa kitu kingine.

Hapa sikilizeni sana, maana wanafunzi wengi hukosea. Kuificha si kuifuta. Ukiificha, picha ni safi, lakini ndani ya faili bado imo. Ukimpelekea mwenzako faili hiyo bila kumwarifu, programu yake yaweza kuikataa, au kuihesabu pamoja na atomi za kweli, naye hataona kosa limetoka wapi. Basi andika chini ya picha: “Xx ni alama tu.”

Zoezi la juma hili. Mwanafunzi mmoja amechora eujenoli, kompyuta ikamwambia kuna atomi 25. Katika picha yeye ahesabu 24. Andikeni kwa mistari mitatu: imetokea nini, naye afanye nini kabla ya kuipeleka faili kwa mwalimu? Majibu tutayasoma katika kipindi kijacho. Kwaherini.