Je, Karai Liachwe?

Kila mwezi wa Shaabani unapokaribia kwisha, jikoni mwetu huzuka mashauri ya futari, na katika miaka hii mashauri hayo yameingiliwa na jambo jipya. Binti amekiona dukani, au kwa shoga yake, kile chombo cha umeme wakiitacho watu "eafraya", naye asema chakaanga pasipo mafuta. Bibi mwenye nyumba amelishika karai alilorithi kwa mamake, naye asema sambusa isiyopita mafutani si sambusa. Baba yuko kati, ahesabu fedha. Twaona yafaa jambo hili lizungumzwe kwa utulivu, maana ndani yake mna afya ya wazee wetu, mna mali, na mna dini pia.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Kampuni ya Philips ilianza kukiuza mwaka 2010, kisha wengine wengi wakafuata. Upande wa juu mna waya wa moto na feni, na chini yake mna kikapu chenye matundu. Feni husukuma hewa ya moto, ambayo hufikia nyuzi 200 za sentigredi, ikakizunguka chakula kwa kasi. Mwenye kuyapima maneno sawasawa ataona kwamba hapa hapakukaangwa kitu. Huku ni kuoka. Ni tanuri dogo lenye upepo, na hilo jina la kukaanga ni la wafanya biashara. Hatusemi haya kwa kukidharau. Lakini ajuaye kwamba ni tanuri atajua tangu mwanzo kipi cha kutia na kipi cha kutotia.

Mafuta ya karai, yakiwa na moto wa nyuzi 170 hadi 190, hukizunguka chakula pande zote kwa mara moja, na hupeleka moto upesi kuliko hewa. Maji yaliyomo chakulani hugeuka mvuke na kutoka kwa yale mapovu tuyaonayo, na ganda hushikamana kabla rojo halijapata nafasi ya kutawanyika. Hewa haiwezi kazi hiyo. Kwa hiyo kaimati haziwezekani kabisa katika chombo hiki: donge la unga mwororo lidondoshwalo kwa mkono hupita matundu ya kikapu, na lililosalia huwa kigae. Viazi karai ni vivyo hivyo, na kila bajia ya kuchovya katika rojo. Mahamri hupikika, lakini hutoka mengine. Yale maputo ya ndani hayaji vizuri, na ganda huwa kavu. Ukila umefumba macho, utasikia iliki na tui la nazi, lakini utadhani umepewa skonzi.

Sambusa ni khabari nyingine, na hapa binti ana haki yake. Nyama ikiwa imekwisha kupikwa, na manda zikapakwa mafuta kidogo kila upande kwa burashi, dakika 10 au 12 katika nyuzi 180 zatosha, ukizigeuza mara moja. Hutoka kavu na zenye kuvunjika vizuri mdomoni. Zisipopakwa mafuta hubaki nyeupe na ngumu kama karatasi, kwa hiyo lile neno la "pasipo mafuta" lisichukuliwe lilivyo. Katlesi hufaa pia zikiisha kuchovywa yai kisha zikagaragazwa katika chembe za mkate. Mapaja ya kuku na vipande vya samaki vilivyotiwa viungo hufaa sana, tena pengine kuliko karaini, kwani mafuta ya kuku mwenyewe huyeyuka yakashuka chini ya kikapu.

Sasa afya. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na chakula cha karai hunywa mafuta mengi. Katika nyumba nyingi mna mzee mwenye presha au maradhi ya moyo, naye kwa siku 30 huketi mbele ya sahani ileile wanayolia vijana, kwa kuwa haya humzuia kuomba chakula chake mbali. Kwa mzee huyu chombo kina faida ya kweli. Lakini asidanganywe. Unga mweupe haugeuki kwa kupuliziwa upepo, na mwenye maradhi ya sukari aliyekula sambusa kumi za upepo amekula sambusa kumi. Tena mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga, kama viazi, vikipikwa kwa moto mkali huzaa kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo yahofiwa huleta saratani. Kemikali hiyo hutokea karaini na hutokea kikapuni. Dawa yake ni kukitoa chakula kikiwa na rangi ya dhahabu, kisingoje kuwa cheusi.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifuturu kwa tende, na asipopata, kwa maji. Sahani saba za kukaangwa ni ada yetu wenyewe. Hatuiharimishi, lakini yapasa ijulikane kuwa ni ada.

Baba naye asikizwe. Kikapu cha lita nne huchukua sambusa nane hivi zikipangwa safu moja. Nyumba ya watu kumi, kila mtu sambusa tatu, ni mizunguko minne, karibu dakika 50; karai hulimaliza jambo hilo kwa robo saa. Na umeme ukikatika adhana ya magharibi ikikaribia, mna mabichi kikapuni na wageni barazani. Chombo cha wati 1500 kikifanya kazi saa nzima bila kupumzika hula uniti moja na nusu. Kila mtu aipime na bei ya umeme wa kwao, kisha aitazame na bei ya mafuta anayonunua. Mume na mke wasio na watoto wengi wataona faida. Nyumba ya ukoo mzima haitaiona upesi.

Lakini lipo jambo ambalo sisi tunaofundisha vyuoni hatuwezi kulinyamazia. Vyombo hivi huchukuliwa kwa mikopo ya simu, nayo mingi ina riba ndani yake, hata ikiitwa "ada ya huduma". Mtu kuingia katika riba ili asile mafuta, huko ni kukimbia mvua na kujitosa baharini. Asiye na fedha taslimu na alitumie karai lake kwa roho safi, ila alitumie kwa adabu.

Na adabu ya karai ni hii. Mafuta yapate moto sawasawa kabla ya kutia kitu, lakini yasifikie kutoa moshi. Chakula kikitolewa kikung'utwe papo hapo na kuwekwa katika chujio kikiwa kingali na moto, maana mafuta mengi huingia ndani chakula kinapoanza kupoa. Mafuta yaliyokaanga samaki yasirudiwe kwa mahamri. Na yaliyokuwa meusi, mazito, yenye povu, hayana budi kutupwa, japo yaumiza moyo. Watoto wakae mbali na jiko. Mafuta yakishika moto yasimwagiwe maji kamwe: zima jiko, funika karai kwa kifuniko cha chuma, uliache hapo hapo mpaka lipoe.